Leso za Mama na Jinzi za Kongowea

Mwezi wa Mei mwaka 2020, Serikali ilipofunga njia za kuingia na kutoka Mji wa Kale wa Mombasa kwa sababu ya korona, sisi ndugu watatu tulijikuta tunaishi tena chini ya paa la mama kama tulivyoishi tulipokuwa wanafunzi. Kaka yetu alikuwa na robota la jinzi la kilo 45 alilolifungua sokoni Kongowea wiki chache kabla ya marufuku ya kutoka usiku kuanza. Zile nzuri, ambazo wauzaji wa mitumba huziita kamera, alikuwa amekwisha kuziuza, na zilizobaki zilikuwa fagia tupu: zilizochanika magotini, zilizopauka mapajani, zenye zipu mbovu na madoa ya rangi ya kupakia nyumba. Mdogo wetu, kitinda mimba, alikuwa ametoka kumaliza mafunzo ya ushonaji. Mimi nilikuwa nimerudishwa nyumbani bila mshahara na kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi ya ukarani bandarini. Mama, ambaye kwa zaidi ya miaka 30 amekuwa fundi wa nguo za harusi, hakuwa na harusi hata moja ya kushonea.

Koti la kwanza halikushonwa kwa nia ya kuuzwa. Idi ilikuwa inakaribia, kaka hana nguo mpya, na kwenda dukani hakuwezekani. Mdogo wetu akachukua jinzi tatu za fagia, akazifumua, akamwomba mama leso moja kuukuu, akamshonea kaka koti ambalo mgongo wake wote ulikuwa wa leso. Leso ile ilikuwa mbeleko. Mama alitubeba nayo sote watatu, mmoja baada ya mwingine, na kwa kufuliwa miaka na miaka ilikuwa imelainika hata ukiishika huhisi uzito wake. Siku ya Idi tuliswali nyumbani, kaka akiwa amevaa koti lake, nikampiga picha roshanini na kuwatumia jamaa. Kabla ya wiki kwisha tulikuwa tumepokea maombi 11 ya makoti kama lile, mengine kutoka kwa watu tusiowafahamu kabisa. Njia zilipofunguliwa mwezi wa Juni tulikuwa tumeshona saba, na hiyo ndiyo ikawa biashara yetu. Jina lake nitaliacha, maana ninachotaka kueleza hapa ni mambo tuliyojifunza, na mengi tulijifunza kwa kuumia.

Nianze na kitambaa chenyewe. Watu hudhani kwamba kushona kwa nguo kuukuu ni rahisi kuliko kushona kwa jora jipya, kwa kuwa nusu ya kazi imekwisha kufanywa na aliyetangulia. Ukweli ni kinyume chake. Mshono wa ndani wa mguu wa jinzi una kunjo mbili zilizoingiliana na safu mbili za uzi mnene zilizopita sambamba, na ukiuvuta kwa haraka unachana kitambaa badala ya uzi. Mdogo wetu alitufundisha kukata uzi mmoja kila baada ya mishono minne kwa ncha ya wembe, kisha kugeuza upande wa pili na kuuvuta uzi wote kwa mkupuo mmoja, nao hutoka mzima kama mshipa wa embe. Suruali moja humchukua mtu mzoefu dakika 40. Ikishafumuliwa na kupigwa pasi, huinuliwa mbele ya dirisha, na hapo mwanga ndio unaosema ukweli: magoti na makalio hupitisha mwanga kama chandarua, lakini sehemu ya nyuma kwenye shavu la mguu na ile iliyokuwa chini ya mfuko huwa imara na yenye buluu yake ya asili. Sehemu hizo ndizo tunazotumia. Suruali nne za fagia hutoa kitambaa cha koti moja, na hatukulijua hilo mpaka tulipoona mabega ya makoti ya mwanzo yakianza kuachia baada ya miezi mitatu.

Kosa jingine lilitokana na kuchanganya vitambaa viwili visivyolingana umri. Jinzi ya mtumba imefuliwa mara nyingi mno, kwa hiyo haina tena pa kupungua, ilhali leso mpya ya pamba ina wanga na haijawahi kuguswa na maji. Ukizishona pamoja, koti hupendeza mpaka siku ya kwanza ya kufuliwa, kisha leso hujivuta na mgongo wote ukajaa mikunjo. Tulipima leso moja kabla na baada ya kuifua: ilipoteza sentimita 4 za upana. Tangu hapo hatukati leso mpya kabla ya kuifua mara mbili na kuianika juani. Leso nyekundu zilitutesa zaidi, kwa sababu zilichuja rangi juu ya bitana nyeupe. Kila tuliyemuuliza alituambia tuloweke katika chumvi na siki, tukafanya hivyo, na rangi ikaendelea kutoka. Kilichotusaidia ni subira ya kusuuza na kusuuza tena mpaka maji yabaki meupe. Kuna pia jinzi zenye nyuzi za kuvutika ndani yake, ambazo kwa macho hazitofautiani na zile za pamba tupu. Hizo huvutika, leso haivutiki, na kinachokatika ni mshono. Siku hizi kaka huvuta kila suruali kwa mikono miwili hapohapo sokoni kabla ya kuitolea hata senti moja.

Lakini makosa yote hayo yalikuwa ya mikono. Lililotuumiza kweli lilikuwa kosa la kutosoma.

Leso, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita kanga, ina pindo linaloizunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani maneno yanayoandikwa chini ya mji. Hapa pwani mwanamke hainunui leso kwa rangi peke yake. Huinunua kwa jina, na huitoa zawadi kwa jina, na ikiwa ana neno na mtu ambalo ulimi unaona haya kulitamka, huivaa akapita mbele yake. Tuliyajua hayo yote tangu utotoni, kwa kuwa tumelelewa katika nyumba ambayo mama akirudi kutoka Biashara Street na leso mpya, swali la kwanza huwa, "Imeandikwaje?" Hata hivyo, tulipoanza kukata tuliyasahau. Mdogo wetu alikuwa akiangalia maua, mistari na mikorosho ya pindoni, na herufi alizihesabu kuwa pambo kama mapambo mengine.

Mwaka 2021 tulimuuzia dada mmoja koti fupi la jinzi lenye mgongo wa leso ya zambarau. Leso ile ilikuwa imeandikwa HASIDI HANA SABABU, methali ambayo kila mtu wa pwani anaijua. Maneno yalikuwa marefu kuliko mgongo wa koti, kwa hiyo kipande cha mgongo kilibeba neno la kwanza na silabi moja ya neno la pili, na silabi hiyo ikaliwa na mshono wa ubavuni. Kipande kilichobaki kilitumika kwenye mfuko wa mbele. Nguo ilipokamilika, mgongoni palisomeka HASIDI, na mfukoni palisomeka NA SABABU. Sisi watatu tuliitazama, tukaipiga pasi, tukaifunga, na hakuna aliyeisoma.

Yule dada alilivaa koti lile kwenye shughuli ya wanawake upande wa mumewe. Aliketi mbele, na nyuma yake waliketi mavyaa na mawifi zake, wanawake waliokuwa na leso zenye majina viunoni mwao na mabegani mwao, na wote wakasoma. Wapo waliodhani kwamba amewaandikia wao. Wapo waliodhani kwamba anajitangaza mwenyewe. Methali inayosema kwamba mwenye husuda hahitaji sababu ili akuchukie ilikuwa imegeuka na kusema kwamba hasidi yupo, na sababu anayo. Alipokuja dukani siku mbili baadaye hakupaza sauti. Aliliweka koti juu ya meza, upande wa mgongo juu, akasema, "Mumenivisha matusi, nami sikujua." Sijawahi kuona haya katika kazi yangu yoyote kama nilivyoona siku ile.

Mdogo wetu alitaka kumrudishia pesa na kumshonea jingine, na kaka aliona hilo linatosha. Mama ndiye aliyekataa. Alisema kwamba neno lililosomwa na watu halifutwi kwa pesa, na kwamba tuliolikata ndio tunaopaswa kwenda kulieleza. Basi tukaenda kwa mavyaa wake yule dada, mama akiwa ametangulia, tumebeba doti moja ya leso mpya yenye jina WEMA HAUOZI, na kipande cha makombo kilichobaki kwenye kapu, ambacho kwa bahati kilikuwa bado na herufi chache za pambizoni. Yule bibi alitupokea vizuri, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba aonyeshwe koti lenyewe. Alilitandaza mapajani, akauingiza ukucha wake chini ya mshono wa ubavu akaitafuta silabi iliyopotea, akaipata. "Nani aliyekata?" akauliza. Mdogo wetu akajibu kwamba ni yeye. Bibi akamwambia, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mjukuu wake, "Mwanangu, leso ina mdomo. Ukitaka kuikata, ianze mbali na mdomo."

Tangu siku ile tuna daftari. Kila leso inayoingia kwenye karakana, iwe mpya au kuukuu, huandikwa humo kabla ya mkasi kuigusa: rangi yake, imetoka wapi, na jina lake lote kama lilivyochapwa. Jina likitoshea mgongoni, hukaa mgongoni lote. Lisipotoshea, huzungushwa ndani ya ukosi au chini ya pindo la koti mpaka litimie, na lisipowezekana kutimia popote, huondolewa lote na kuhifadhiwa. Mteja husomewa jina kabla hajalipa. Wapo wanaosikia jina wakabadilisha nia, na hatuwashawishi.

Nilipoanza kusoma historia ya kitambaa hiki, niligundua jambo lililonituliza moyo, kwa maana nilikuwa nimeanza kujiuliza iwapo kukata leso kwenyewe si kosa. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vile vitambaa vya mkononi vilivyoitwa kwa Kireno lenço, vikiwa bado havijatenganishwa, wakakata sita, wakaviunganisha vitatu juu na vitatu chini wapate vazi la kujitanda. Ndiyo iliyoitwa leso ya kushona. Maneno yalikuja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, na hapa Mombasa wengi humtaja Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake lilifunguliwa mwaka 1887 na ambaye leso zake bado zina alama ya Mali ya Abdulla, kuwa ndiye aliyeyaanzisha. Kwa hiyo mkasi na sindano vilikuwapo tangu mwanzo, na walioishika leso ya kwanza walikuwa wanawake waliochukua kitu kilichokusudiwa matumizi mengine wakakifanya chao. Nilimsomea mama habari hizo jioni moja. Aliniambia kwamba nyanya yake alikuwa akiyajua hayo bila kuyasoma.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi zaidi, ingawa ndizo zilizokaribia kututenganisha. Kaka ni mfanyabiashara wa mitumba, na hesabu ya mitumba ni bei ya kununulia ukilinganisha na bei ya kuuzia. Kwa hesabu yake, koti moja lilitugharimu shilingi 320 za jinzi nne, 250 za leso moja, na 190 za bitana, uzi na zipu, jumla 760. Akaliuza kwa 1,100, na akaona tumefaidi. Mimi nikakaa na saa mkononi kwa siku mbili nikapima kazi ya mdogo wetu kuanzia kufumua hadi pasi ya mwisho: saa 11. Ile faida ya shilingi 340 ilikuwa ndiyo mshahara wake wote, yaani shilingi 31 kwa saa, na bado ilikuwa inagawanywa mara tatu. Nilipoyatoa hayo mezani, kaka aliona ninamtuhumu kwamba anamnyonya mdogo wake, na kwa wiki tatu hatukuzungumza isipokuwa kwa kupitia mama. Hatukuwa na ubaya baina yetu. Tulichokosa ni maandishi, kwa kuwa kila mmoja alidhani kwamba undugu unatosha kuwa mkataba.

Mwishowe tuliandika karatasi mbili tu. Ya kwanza inasema kwamba kazi ya mikono hulipwa kwanza, kwa saa, kabla ya kitu kinachoitwa faida kutajwa, na anayeshona, anayefumua na anayekwenda sokoni wote wanaandika saa zao. Ya pili inasema kwamba faida hugawanywa sehemu nne, na sehemu ya nne ni ya karakana. Bei ya koti ikapanda hadi shilingi 2,800. Tulipoteza wateja, na wengine walituuliza kwa mshangao iweje nguo ya mtumba iuzwe bei hiyo, nasi tukajifunza kuwaonyesha suruali ambayo haijafumuliwa na kuwaacha waishike. Jamaa waliokuwa wakizoea kuchukua nguo na kuahidi kulipa mwisho wa mwezi walikasirika zaidi ya wateja. Hilo nalo tumelistahimili.

Kuna mambo mawili ambayo nayaona kwa namna tofauti na wanavyoyaeleza watu wanaotusifu. La kwanza ni hili la kuokoa mazingira. Katika mwezi mzuri tunatumia suruali zipatazo 100. Anayeingia Kongowea asubuhi akatazama marobota yanavyoshushwa atajua kwamba hizo hazipunguzi chochote kinachoonekana. Pale mwisho wa Machi mwaka 2020 Kenya iliposimamisha uingizaji wa mitumba mpaka Agosti, nilimwona kaka na wenzake wakihangaika, na sitasahau kwamba robota hilohilo ndilo linalowalisha maelfu ya familia na ndilo linaloziba soko la nguo zinazoshonwa nyumbani. Sina jawabu jepesi. Ninachoweza kukieleza kwa uhakika ni kwamba hatutupi: vipande vidogo huwa viraka, vilivyo vidogo zaidi hujaza mito, na vifungo vya shaba na zipu nzima huuzwa kwa mafundi wa mtaani.

La pili ni hili la utamaduni. Mnunuzi mmoja kutoka ng'ambo alituomba makoti 200, lakini kwa masharti kwamba maneno yaondolewe na badala yake tuweke michoro aliyoiita ya Kiafrika, kwa kuwa wateja wake hawangeelewa Kiswahili. Kaka alikuwa tayari, na sikumlaumu, kwa sababu kodi ya karakana ilikuwa imechelewa. Mimi nilikataa, na mdogo wetu akawa upande wangu. Nilikumbuka jinsi katika miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza ilivyoomba kusajili jina la kikoi liwe alama yake ya biashara huko kwao, ikapingwa, na ombi lake halikufaulu. Kitu kisichosemewa na wenyewe huchukuliwa. Tangu mwaka 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, lakini sheria haimzuii mtu kukifuta chake mwenyewe kwa hiari yake. Tulimjibu mnunuzi kwamba tungemshonea makoti 40 yenye maneno, kila moja na karatasi inayofasiri jina lake. Alikataa. Miezi minane baadaye alirudi akachukua 25.

Mdogo wetu alifunga ndoa mwaka jana, mwezi wa Disemba. Wiki moja kabla ya nikaha mama alifungua sanduku lake akatoa kisutu chake cha harusi, doti nzima, chekundu na cheusi na cheupe, kilichotunzwa kwa karafuu na udi tangu kabla hatujazaliwa. Siku zote tulijua kwamba kisutu hicho hakiguswi. Alimkabidhi, akamwambia kwamba ni chake, na kwamba afanye anavyoona. Mdogo wetu alikaa nacho siku mbili. Siku ya tatu alikitenganisha vipande viwili, kimoja akakikunja akakirudisha sandukuni, cha pili akakitandaza juu ya meza ya karakana na kufungua daftari. Aliandika rangi, akaandika kilikotoka. Kwenye safu ya jina, kwa kuwa kisutu kile hakina maandishi yoyote, aliandika tarehe ya ndoa ya wazazi wetu. Kisha akamwomba mama ashike upande wa pili wa kitambaa ili kisitembee, akachukua mkasi, akakata.